Nilimwangusha mwenye baiskeli Namatala, akaomba kukaa kwenye usukani wangu

Wakuu, salamu kwenu nyote. Hili lilinipata mwenyewe na siongezi chumvi. Hata sehemu zinazoniaibisha sijazificha.

Mimi ni Mkenya, dereva wa lori. Nakaa Mpumudde, Jinja, huku Uganda, na kila wiki napeleka sukari Mbale.

Miaka mingi kuna swali lilikuwa linanisumbua njiani: hawa watu wa baiskeli, ukiwapigia honi, mbona hawatoki barabarani? Nilikuwa naamini ni kiburi tu.

Sasa mwezi uliopita, saa nne asubuhi, nakaribia Namatala, pale unapoanza kuingia Mbale. Mbele yangu kuna mzee wa baiskeli, amefunga magunia mawili ya makaa kwenye keria. Upande wa pili basi linakuja.

Nikapiga honi. Hatoki.

Nikapiga nyingine, ndefu, nikiwa nimeshamfikia kabisa. Mzee akayumba, akatoka kwenye lami, akaanguka na mzigo wake wote.

Nikasimama. Wakuu, mguu ulitaka kukanyaga mafuta. Madereva wenzangu mnajua kinachoweza kukupata ukisimama.

Watu wa boda walifika kabla sijashuka vizuri. Mmoja akapiga kelele, "Mkenya huyo! Toa funguo!" Mwingine alikuwa ameshika jiwe.

Yule mzee akainuka, kiwiko kinatoka damu. Baadaye nilijua anaitwa Mafabi. Akawaambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Acha yeye. Mimi nataka uliza yeye kitu."

Wakampisha, akanigeukia.

"Bwana, honi ile ilikuwa nasema nini?"

Hilo swali sijawahi kuulizwa maishani. Nikajibu, "Inasema toka, nipite."

"Natoka, naenda wapi?"

Akanionyesha ukingo wa lami. Umekatika, na chini yake ni shimo la kina cha shubiri nzima. Wakampakilia magunia tena, akanikabidhi baiskeli, eti niishushe pale mimi mwenyewe, nikiisukuma tu.

Hatua mbili. Tairi likazama, mzigo ukanivuta, nikalala juu ya makaa. Watu walicheka mpaka yule mwenye jiwe akalitupa.

Nilidhani yameisha. Mzee akatazama lori langu, akasema, "Sasa mimi pia nataka kaa pale juu."

Nikamsaidia kupanda kwenye kiti cha dereva, funguo nikiwa nazo mfukoni. Kijana mmoja wa boda akaisimamisha baiskeli kushoto, karibu na tairi la mbele la lori.

"Baiskeli iko wapi?" mzee akauliza.

"Si hii hapa!" wakajibu.

Akaangalia kioo cha pembeni. Akanyoosha shingo. Akainuka kidogo kwenye kiti. Wapi!

Nikamwambia, "Nikiwa nyuma yako nakuona. Nikianza kukupita, ukifika hapo, sikuoni tena. Nabahatisha."

Akaweka mikono kwenye usukani. Halafu akasema taratibu, "Miaka yote mimi najua nyinyi naona sisi, nadharau tu."

"Na mimi nilijua mnasikia honi, mnadharau."

Nilimpeleka kliniki wakamfunga kiwiko, kisha nikamrudisha kwenye makaa yake. Tuliagana kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo napiga honi fupi nikiwa mbali, halafu nabaki nyuma ya baiskeli mpaka nafasi ipatikane. Mabasi yaliyo nyuma yangu yananipigia mimi sasa, na matusi juu.

Nilichojifunza ni kwamba tunagombania barabara moja kila siku na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake anaonaje akiwa upande wake. Na kuuliza kwa mzee yule ndiko kulikoniokoa na jiwe, maana mimi sikuwa na la kujitetea.

Mnaoendesha baiskeli humu, honi ya lori ikilia mgongoni mna mzigo, mwili unafanya nini? Na madereva, huo upande wa kushoto mnaumudu vipi? Semeni, nasoma zote.