Wakala wa Vipimo

Tangu tuoane, mama yangu hakuwahi kumwambia mume wangu neno uso kwa uso. Wanakaa chumba kimoja cha ushonaji, mama kwenye cherehani, mume wangu kwenye kompyuta, umbali wa mkono, lakini mama atasema, "Mwambie huyo mhandisi wako apunguze feni." Mimi nageuka, "Mama anasema upunguze feni." Naye anajibu, "Mwambie nimepunguza." Pale dukani mimi ni mshonaji. Hiyo kazi nyingine nilibandikwa tu.

Mume wangu ni mwandishi wa programu. Ofisi yake ilipofungwa alihamia dukani kwetu na kiti chake, na kwa kuwa hawezi kukaa bure hata ukimfunga kamba, akatutengenezea programu ya vipimo. Mama hakati kitambaa kwa kipimo cha mwili. Huongeza nafasi ya mshono, na kila kitambaa kina kiasi chake. Basi mume wangu akaweka katikati kitu anachokiita wakala. Ukiuliza kiuno cha mteja hupewi kiuno chenyewe. Wakala anakichukua, anaongeza nafasi ya mshono, ndipo anakupa namba ya kukatia.

Mama aliikubali programu shingo upande. Lakini aliikubali, na kwa mume wangu hilo lilikuwa jambo kubwa, maana kaka yake alikuwa anampigia simu kila mara aende mji wa mbali wakauze vigae. Aliniambia wazi: siku mama akirudi kwenye makaratasi yake ya vipimo, yeye anafunga begi. Mimi sikutaka mume wa kuonana naye kwenye simu.

Sasa, lugha ya programu ina wakubwa wake, kamati inayoamua kipi kiandikwe vipi. Habari za wakala zilikuwa bado rasimu, na wakubwa walikuwa wametahadharisha kabisa kwamba zinaweza kubadilika. Mtu mwenye subira angengoja. Mume wangu hunywa chai kabla haijapoa, halafu analalamikia ulimi.

Asubuhi moja, sare za wauguzi zikiwa zinasubiri kukatwa, kompyuta ikajisasisha na programu ikagoma. Kamati ilikuwa imebadili namna ya kumwandika wakala. Mume wangu akasoma, akacheka, akasema hilo ni jambo dogo. Akabadilisha jina la amri, programu ikafunguka, tukapumua. Mama akataka mabega ya muuguzi mkuu. Kikatokea kisanduku kitupu. Akataka kiuno. Kitupu vilevile. Na wala kompyuta haikulalamika, ilitulia tu kama mtu aliyekula akashiba.

Mama akaweka mkasi chini. "Muulize mhandisi wako vipimo vya watu vimekwenda wapi."

"Mwambie mama vipo," mume wangu akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mwambie wamebadilisha utaratibu. Zamani wakala alisimama peke yake, unampa maelekezo basi. Sasa unamtaja kwanza mwenye vipimo, maelekezo yanafuata."

Nikamgeukia mama. "Anasema sasa maelekezo yanatangulia, halafu wakala hana... mwenye vipimo anasimama peke yake."

"Sivyo," mume wangu akasema.

"Ndivyo ulivyosema."

Mama alinitazama, akamtazama yeye, akatazama rundo la vitambaa. Tayari alikuwa amevuta droo ya makaratasi. Kisha akaisukuma droo ikajifunga.

"Wewe toka hapo katikati," akaniambia. Akazungusha kiti. "Haya, baba. Niambie mwenyewe. Taratibu."

Mume wangu akasogeza kiti. "Mama, ni hivi. Kwanza unamtaja mwenye vipimo." Akaweka kidole kwenye kioo kumwonyesha. "Halafu maelekezo ya wakala yanafuata. Kwanza mwenye..." Akakikodolea macho kioo. Pale chini ya kidole chake, maelekezo ndiyo yalikuwa mbele. Alikuwa amebadilisha jina tu, mpangilio akauacha wa zamani, maelekezo yakashika nafasi ya mwenye vipimo, kwa hiyo asubuhi nzima tulikuwa tunamwuliza mlinzi mabega ya mwenye nyumba.

Akavipanga upya. Mama akauliza tena mabega ya muuguzi mkuu, namba ikaja na nafasi yake ya mshono. Akaipima kwa macho, akaridhika.

"Na hao wakubwa wakibadilisha tena?"

"Nitarekebisha tena, mama."

Mama akaokota mkasi, akatandaza kitambaa. "Basi mwambie kaka yako vigae auze mwenyewe."

Mimi habari za vigae sikuwahi kumfikishia mama. Hizo alizisikia mwenyewe, siku zote hizo, umbali wa mkono.