Santuri Pekee ya Theron Pruitt

Ardella Pruitt alipiga pasi mashati ya wanaume wa Kansas City kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna shati aliloligusa kabla ya kuhesabu vifungo vyake. Alivihesabu mbele ya mwenyewe, kwa sauti. "Saba. Cha saba kimelegea. Umeona?" Mteja asiyeitikia aliambiwa achukue shati lake akalipige pasi kwao. Wenzake pale dobini walimcheka mpaka wakachoka, lakini hakuwahi kusingiziwa kupoteza kifungo cha mtu.

Hakuzaliwa hivyo. Alipofika mjini kutoka Arkansas alikuwa msichana wa kumwamini kila mtu, na kwa kuamini huko akaolewa na Theron Pruitt, mpiga piano wa mtaa wa Vine aliyekuwa akitunga nyimbo kwenye migongo ya bahasha. Mmoja wa nyimbo hizo uliitwa "Nimeacha Taa Jikoni". Theron aliupeleka kwa Buck Lattimore, kiongozi wa bendi kubwa. Siku zile kiongozi akikubali kurekodi wimbo wako, jina lake linapachikwa kwenye lebo kando ya lako, hata kama hakuongeza noti moja. Kila mtunzi aliijua desturi hiyo, na Theron hakuilalamikia. Lattimore aliurekodi vuli ya mwaka 1937 na nchi nzima ikaucheza. Santuri ilipofika madukani, mume na mke walienda kuitazama, wakaigeuza upande huu na upande ule. Jina lilikuwa moja tu, nalo halikuwa la Pruitt.

Bendi nyingine kumi na nne ziliurekodi baada ya hapo. Kila mara Ardella alikwenda dukani, akasoma lebo, akairudisha santuri mahali pake. Theron alipokufa kwa ugonjwa wa mapafu mwaka 1952, gazeti la mjini lilimwandika kuwa mpiga piano. Mpiga piano, basi! Ardella aliikunja ile karatasi akaisukumia jikoni chini ya masufuria.

Hata hivyo alikuwa na ushahidi. Machi ya mwaka ule ule wa 1937, miezi sita kabla ya Lattimore, Theron aliingia kwenye duka la piano lililokuwa na mashine ya kuchonga santuri papo hapo. Santuri yenyewe ilikuwa bamba la alumini lililopakwa utando mweusi laini. Kabla ya kuanza kuimba alitaja jina lake, akataja tarehe, akasema wimbo huu nimeutunga mwenyewe. Nakala ilikuwa hiyo moja. Ardella aliilaza chini ya kitanda ndani ya foronya, wala hakumwonyesha mtu, maana mwaka 1953 alikuja bwana mmoja mwenye kofia nzuri na maneno matamu, akachukua santuri nyingine saba za Theron ati akazisafishe. Hajaonekana mpaka leo.

Kwa hiyo Clifton Braddock alipobisha hodi mwaka 1973, kijana wa chuo kikuu mwenye mashine begani, alifungiwa mlango mara mbili. Alisema chuo kinakusanya rekodi za watunzi wa zamani wa mji huu, kila wimbo na jina la aliyeutunga. Mara ya tatu alisimamiwa na Earlene, jirani wa ghorofa ya chini, aliyekuja na pai ya viazi vitamu ili apate sababu ya kubaki.

"Ardella, mtoto wa watu ataota mizizi hapo nje," Earlene alisema. "Babu yake si shemasi wetu?"

"Hata Yuda alikuwa mtume."

"Basi mfungulie Yuda, pai inapoa."

Alimfungulia. Ila alimwaga begi lake lote mezani akalipekua: tepurekoda, maikrofoni, waya, tepu tatu, na mkate wenye nyama.

"Umeingia na tepu tatu, utatoka na tepu tatu," alisema. "Na huo mkate ni wako, usije ukasema umelishwa hapa."

"Sawa, Bi. Pruitt."

Walizungumza saa nzima mashine ikinasa. Kisha Ardella akanyanyuka. "Zima hicho kitu." Clifton akainama, akabonyeza. Ndipo foronya ikatolewa chumbani.

Kijana alipoiona ile santuri alishika kichwa. Utando ulikuwa umejikunja, na pembeni umepasuka nyufa nyembamba. "Mama, nakuomba, usiipige hapa. Imekauka. Ina nafasi moja tu, na inataka mashine yenye mkono mwepesi. Twende nayo chuoni. Utaipakata mwenyewe njia nzima, na chumbani utakaa nasi."

"Yule mwenye kofia naye alikuwa na huruma kama wewe."

"Mimi siye yeye."

"Wala yeye hakuniambia kuwa yeye ndiye mwizi." Alikwisha kuifungua gramafoni yake ya kuzungusha kwa mkono. "Kama ina nafasi moja, haitakuwa nyumbani kwa mtu mwingine. Utasikia kwa masikio uliyopewa na Mungu, kisha utaandika."

Hakuwa mjinga. Alijua sindano ya chuma inakula santuri laini, na Theron alimwachia sindano za mwiba wa mpungate alizokuwa akizichonga mwenyewe kwa kazi hiyo. Ilibaki moja, kwenye kiberiti. Aliinoa kwa msasa polepole, akaifunga kwenye mkono wa gramafoni. Asichojua ni uzito wa ule mkono wa chuma juu ya utando wa miaka thelathini na sita.

Santuri ikaanza kukwaruza. Halafu akasikika Theron, anakohoa kidogo, anaanza kusema. Miaka ishirini na mmoja! Ardella aliinamia gramafoni. Na papo hapo, kwa pembe ya jicho, akaona mkono wa Clifton unatambaa mezani kuelekea kwenye maikrofoni.

"Toa mkono! Nakuona, wewe! Nakuona tangu ulipovuka kizingiti! Unadhani mimi ni mtoto? Weka mikono mapajani!"

Clifton akaiweka. Piano ikaingia, na Theron akaimba ubeti wa kwanza, wa pili, kwa sauti ile ya kivivu. Katikati ya wa tatu mkono wa gramafoni uliruka. Utando ulibanduka ukajisokota kwenye mwiba kama uzi mweusi, na chini yake alumini ikang'aa tupu.

"Yesu wangu," Earlene alisema.

Clifton alikuwa akitazama viatu vyake. "Bi. Pruitt, sikuizima. Inanasa tangu mwanzo. Nilitaka tu kuigeuza maikrofoni ielekee gramafoni."

"Nilijua!" Alipiga meza. "Mwizi! Nilijua, nilijua!" Kisha pumzi ikamwishia, akakaa. "Icheze."

Clifton akarudisha tepu. Ukasikika mkwaruzo, kikohozi, na baada ya hapo sauti ya mwanamke, kubwa, iliyokaa karibu na maikrofoni kuliko kitu kingine chochote: toa mkono, nakuona wewe. Ilipomaliza, piano ilikwisha kuingia. Wimbo ulikuwa safi. Jina na tarehe havikusikika.

"Andika basi," Ardella alisema haraka. "Alisema, 'Naitwa Theron Pruitt, leo tarehe nne Machi, elfu moja mia tisa thelathini na saba, wimbo huu nimeutunga mwenyewe.' Andika! Earlene, si ulisikia?"

Earlene alivuta kitambaa cha meza. "Nilikusikia wewe, dada."

Clifton aliandika mpaka nusu, kalamu ikasimama. "Wataniuliza nimejuaje."

"Waambie mkewe kasema."

"Watasema mjane lazima aseme hivyo."

"Na wewe je? Wewe unaniamini?"

Clifton alirudisha tepu nyuma, akainamisha sikio kwenye spika, akasikiliza tena pale pale, akitafuta chochote chini ya ile sauti. Alifanya hivyo mara tatu. Ardella hakumkemea. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, kwa sababu angekuwa yeye mahali pa kijana, angefanya vivyo hivyo.