Wifi Kunegunda na Ngedere wa Matogoro

Sijui kwa nini mnanisumbua mimi. Hilda, katibu wa kwaya yetu, kila tukitoka kanisani ananishika mkono: Bibi, andika habari za Kunegunda, tuzisome siku ya sikukuu ya kwaya. Nikamwambia wamo walimu humo kwayani, wana kalamu zao, waandike wao. Akasema wao hawakuwepo dunguni. Hapo alinipata kweli, hawakuwepo. Basi naandika, na atakayecheka herufi zangu aje anichekee usoni.

Kunegunda ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Anakaa Matogoro, nyumba ya mwisho kabla ya msitu, peke yake tangu mumewe afariki na watoto waende kwenye miji yao. Hana makuu. Ana shamba la mahindi na ana kwaya. Ameimba sauti ya kwanza tangu tukiwa wasichana, mstari wa mbele, upande wa dirisha. Akiimba hatoi macho wala hakazi shingo kama wengine. Anafungua mdomo tu, kama mtu anayekukaribisha ndani, na sauti inawafikia mpaka waliosimama nje.

Mwaka jana Kwaresma ilipoanza, sauti ile ikakatika. Hayakuwa mafua. Ilianza kukwaruza, ikawa kama mtu anaburuta mkeka, mwisho ikabaki pumzi. Akaenda hospitali. Daktari akamtazama koo, akamwambia umeichosha, mama, inataka kupumzika. Usiimbe, usipige kelele, hata kunong'ona usinong'one, maana nako kunachosha. Maji kunywa kidogo kidogo kutwa nzima, na moshi wa jikoni kaa nao mbali.

Akashika yote. Mafiga akayahamishia uani penye upepo. Akatembea na chupa ya maji kama mtoto wa shule. Mazoezini alikuja na sare yake, akakaa kimya, akifuata nyimbo kwa kidole juu ya goti. Wiki zikapita, sauti haikurudi. Mwalimu Dastan, anayetufundisha na kutupigia kinanda, akaniita pembeni. Akasema Pasaka inakaribia na mstari wa mbele una pengo, pengine mama apumzike moja kwa moja, sare yake avae binti mwingine. Akaniomba nikamwambie mimi, kwa kuwa ni wifi yangu.

Mtu kama Kunegunda ukimvua sare ile, umembakizia nini? Nikaenda Matogoro na togwa kwenye kidumu, bila kujua nitasema nini.

Nyumbani hayupo. Nikashika njia ya shambani. Kabla sijafika nikasikia kitu kama mbwa anayekohoa. Hoo. Hoo. Kutazama juu, wifi yangu yuko dunguni, kwenye kichanja cha kulindia mahindi, mishipa ya shingo imesimama, anafukuza ngedere. Mahindi yalikuwa yameshika maziwa, nao wamejipanga ukingoni mwa msitu kama wageni wa harusi wanaongoja sahani.

Nikamwuliza, daktari si alikukataza kelele?

Akashuka, akanijia sikioni. "Nilijua anasema zile za kugombana na watu, wifi. Ngedere si watu."

Kumbe kila siku, tangu alfajiri mpaka jua kuzama, alikuwa anaimalizia huku sauti aliyoipumzisha kanisani. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka.

"Nikinyamaza, mwaka huu nitakula nini?"

Kicheko kikaniisha. Nikamwambia asogee nipande.

Kuanzia kesho yake nikawa naenda na debe bovu na kipande cha mti. Mimi napiga debe, yeye ananyamaza. Maneno nilisema ya wote wawili, nayo sikosi. Akikubali ananifinya goti, akikataa ananifinya zaidi. Siku moja ngedere walikuwa mbali, nikapiga debe kwa kujifurahisha, mwendo wa wimbo wetu wa Pasaka. Akatikisa kichwa, nimekosea. Akaja akakaa nyuma yangu, akanipigia mwendo wenyewe mgongoni kwa vidole, taratibu, mpaka nikaupata. Tangu tumzike kaka yake, hakuna mtu aliyekuwa amenigusa mgongo. Basi, hilo naliacha hapo.

Juma Kuu sauti ikarudi. Mazoezini Mwalimu Dastan akabonyeza kinanda, Kunegunda akakifuata ngazi kwa ngazi, na kule juu sauti ikavunjika. Wakarudia. Ikavunjika palepale. Akafunga mdomo, akaanza kufungua vifungo vya sare.

Mimi nilikuwa nyuma, kwenye sauti ya pili, ninapokaa miaka yote. Nikamsukuma jirani yangu kwa nyonga, pakapatikana nafasi.

"Wifi, njoo huku. Huku hatupandi milima."

Dastan akanitazama. Na mimi nikamtazama. Akarudisha macho kwenye kinanda, akamtafutia sauti ya chini. Ikatoka. Ilikuwa imekuwa nzito, tamu, kama togwa iliyolala. Wasichana wa mbele wakageuka wote kuona ni nani.

Pasaka aliimba bega kwa bega na mimi, na kila nilipokosea alinifinya ubavu. Mpaka leo yuko hapo. Akiwa na mafua haimbi, hata umbembeleze. Msibani anaimba na wenzake, akichoka anakwenda kulala bila kuona haya. Chupa ya maji haimtoki mkononi. Na dunguni hafungui mdomo.

Sasa mahindi yameshika maziwa tena, na magoti yangu hayapandi tena ngazi ya dungu. Kwa hiyo ninyi mliofika mpaka hapa hamjasoma bure. Nataka watu wa zamu, kuanzia Jumatatu, na Mwalimu Dastan awe wa kwanza. Kelele za mdomo ziacheni nyumbani. Kila mtu aje na debe lake, langu limetoboka.