Fyuzi ya Ampea Tano

Nyumba ilikuwa ya baba mkwe, pale Kambu, karibu na barabara ya Mombasa. Stima tulikuwa tumevutiwa ya taa tu: balbu nne na soketi moja ya redio na pasi. Mimi, mume wangu na mtoto tulilala chumba cha nyuma, na waya wa taa ulipita darini juu ya kitanda cha mtoto.

Malori yalikuwa yakikwama hapo na betri zilizokufa. Mzee akaona kazi. Akanunua chaja moja ya gereji, halafu ya pili, masanduku ya chuma ya kuinuliwa na watu wawili, akaziweka verandani na kuziunganisha zote na ile soketi ya redio. Siku ya kwanza tu fyuzi ikakatika. Siku ya pili ikakatika tena.

Mimi nilimaliza kidato cha nne. Fizikia niliipenda, na sikuisoma ili nije kuchota maji tu. Nilisoma kibao kilichokuwa mgongoni mwa chaja, nikachukua kalamu. Wati elfu tatu, volti mia mbili na arobaini. Chaja moja inavuta ampea kumi na mbili na nusu. Mbili, ishirini na tano. Waya wa taa, ambao ndio uliolisha pia ile soketi, ni mwembamba, na fyuzi yake ni ya ampea tano. Fyuzi haikuwa mbovu. Ilikuwa inatuokoa. Kilichotakiwa ni waya mnene wa chaja peke yake kutoka kwenye swichi kubwa, na kabla ya hapo kuwauliza wenye stima kama laini yetu ingebeba mzigo huo.

Sasa nimwambie nani? Mume wangu alikuwa safarini. Na kwetu mke wa mwana haongei na baba mkwe ana kwa ana. Huruhusiwi kuketi alipoketi, wala humwangalii machoni. Ukiwa na neno unalipitisha kwa mama mkwe. Hiyo ndiyo nthoni, heshima niliyofundishwa tangu utotoni, na niliifuata.

Nikamweleza mama mkwe jikoni, polepole, mara mbili. Baadaye nikamsikia kupitia ukutani akimpelekea mzee maneno yangu, lakini ameyapiga pasi yakalainika: ati mke wa mwana anaomba radhi, anasumbuka taa zikizimika akiwa na mtoto, kama ingewezekana zisizimike.

"Basi nitaleta fundi," mzee akasema.

Ningetoka pale pale nikasema. Sikutoka.

Fundi alikuja kesho yake, akaondoa ule uzi mwembamba wa fyuzi, akafunga kipande cha waya mnene wa shaba. Akacheka kwamba sasa haitakatika hata tukichomelea geti. Kweli, taa hazikuzimika tena.

Nilirudi kwa mama mkwe, nikamwambia wameondoa kitu pekee kilichokuwa kinatulinda.

"We mwanangu, ulitaka taa, umepewa taa," akasema. "Nikimrudia tena mzee atasema tunamchezea."

Kitanda cha mtoto nilikisogeza shubiri mbili. Chumba hakikuwa na nafasi zaidi.

Jumamosi mchana betri zilikuwa zimepangwa veranda nzima, mtoto amelala. Nilikuwa naanika nguo. Nilisikia harufu ya plastiki, halafu nikamsikia mtoto. Waya ulikuwa umeachana na dari, unaning'inia, na plastiki yake inadondoka matone meusi yanayowaka juu ya mkono wake wa kushoto. Nilimnyakua, nikakimbilia swichi kubwa nikaishusha. Fyuzi ilikuwa nzima kabisa.

Tuliporudi kutoka hospitali, mkono wa mtoto ukiwa na bandeji hadi kiwiko, niliingia sebuleni alimoketi mzee. Nilisimama mbele yake na mtoto kifuani, nikamwangalia machoni.

"Chaja zinavuta ishirini na tano. Waya ule ni wa taa. Nilisema mapema."

Aligeuza uso ukutani, kama desturi inavyotaka, akamwambia mkewe: "Muulize ni waya gani unaotakiwa."

Mama mkwe akanigeukia, akafungua mdomo aniulize. Sikumngoja. Nilimjibu mzee mwenyewe, unene wa waya na urefu wake, na sikuteremsha macho.

Waya ulinunuliwa wiki hiyo hiyo. Chaja bado zinafanya kazi. Mtoto wangu sasa ana miaka minne, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjuki.