Tairi Nyembamba za Kwenda Kano

Kuna harufu moja ambayo hadi leo hunisimamisha njiani: harufu ya tope jeusi linalokaukia kwenye ekzosi ya moto. Si harufu mbaya. Ni kama chungu kipya kilichosahauliwa mekoni, na ndani yake mna mafuta kidogo ya injini na nyasi zilizosagwa. Wiki jana gari moja lilinipita likitoka upande wa Ahero, limegandwa na tope hadi madirishani, na papo hapo nikawa tena msichana wa miaka kumi, nimebanwa kando ya Babu, jogoo mapajani, ndani ya landrova ya baba yangu.

Landrova hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko wangu. Baba, mwalimu wa jiografia katika shule moja ya upili mjini Kisumu, aliikuta imeota magugu sakafuni, akaileta kwetu Nyalenda ikivutwa kwa kamba. Mlango wake mmoja ulifungwa kwa mshipi wa suruali. Tuliipenda kama mtu anavyompenda shangazi mwenye kelele.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, Baba aliamua kwamba wakati wake umefika wa kuanzisha boma lake mwenyewe. Sisi Waluo tunaita goyo dala, na haifanywi ovyo. Siku hupangwa mapema. Mnatoka asubuhi mkiwa na jogoo, shoka na moto. Mtoto wa kwanza wa kiume huwepo, na baba wa mwenye boma ndiye anayewaongoza, naye ndiye anayeonyesha mahali nguzo ya kwanza itakapoingia ardhini. Nyumba husimama siku hiyo hiyo, na usiku huo mnalala ndani yake. Mkishatoka, hakuna kurudi nyuma.

Shida yetu ilikuwa miguu ya Babu. Alikuwa amehamia kwetu mjini ili awe karibu na hospitali, na kutoka kitandani hadi barazani alipumzika mara mbili. Shamba la Baba lilikuwa katika tambarare za Kano, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka barabara ya lami, na mvua za masika zilikuwa zimeanza. Babu asipofika, mzee mwingine angeonyesha mahali pa nguzo kwa niaba yake, kana kwamba Baba hana baba aliye hai. Baba hakutaka hata kulisikia neno hilo.

Kama hujawahi kutembea Kano wakati wa masika, ngoja nikueleze. Udongo wake mweusi ukikauka hupasuka, ukaweza kumeza mguu wa mtoto. Ukilowa hunata. Gurudumu likizunguka huokota tope tabaka juu ya tabaka, kama kijiko kinavyookota ugali, mpaka nafasi yote chini ya madigadi inajaa. Hapo gurudumu husimama kabisa, kana kwamba umekanyaga breki, na injini inabaki kupiga kelele peke yake.

Baba aliyajua hayo kitabuni. Alifundisha aina za udongo kila mwaka na kuzichora ubaoni kwa chaki za rangi. Lakini ilipofika kuchagua tairi, alichagua kwa macho. Bwana mmoja wa Milimani alikuwa akibadilisha tairi za gari lake, tairi pana kama za magari ya mashindano, akampa Baba zile kuukuu. Zilikuwa pana hata zikachomoza nje ya bodi kama mashavu ya mtoto aliyejaza mandazi mdomoni. Ili ziingie, Baba aliiinua landrova kwa kuifungia springi za lori, vile vyuma bapa vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Ikapanda juu hata Mama akahitaji kigoda cha kupandia. Jumapili iliyofuata Baba aliiegesha mbele kabisa ya kanisa, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuingia ibadani bila kuiona.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Baba alitupeleka mimi na kaka yangu Otieno kuijaribu njia. Tuliiacha lami kwa mbwembwe. Hatukumaliza hatua mia mbili. Tairi pana zilielea juu ya tope kama sahani, landrova ikateleza upande upande, tope likajaa chini ya madigadi, na tukasimama tumeinama kuelekea mtaroni. Vijana waliokuwa wakilima karibu walikuja na ng'ombe wao, bila haraka.

"Mwalimu, hii gari imekula ikashiba," mmoja alisema, akichungulia chini ya madigadi.

"Hata hizi ng'ombe ni fo-wili, Mwalimu," mwenzake akaongeza huku akifunga mnyororo. "Na haziombi petroli."

Tulirudi nyumbani. Babu alikuwa barazani. Aliziangalia tairi, akaniangalia mimi, kisha akasema, "Nyakwara, vua viatu." Kwa Kijaluo nyakwara maana yake ni 'mjukuu wangu', na akiniita hivyo nilijua kuna kazi. Aliniagiza nivae gambuti la Baba mguu wa kulia, na wa kushoto nibaki peku. "Sasa nenda mpaka kwenye ule mpapai urudi."

Nyuma ya nyumba yetu udongo ulikuwa mweusi vilevile, na ulikuwa umelowa. Mguu wa gambuti uliokota tope kila hatua. Nilirefuka upande mmoja, nikawa natembea kama mtu aliyekanyaga ngazi kwa mguu mmoja. Mguu wa peku ulizama, vidole vikapenya mpaka vikagusa ardhi ngumu iliyo chini, na nilipouinua tope lilichuruzika kati ya vidole likaanguka. Nilifika kwenye mpapai. Niliporudi gambuti lilinasa, mimi nikaendelea, na nikaanguka kifudifudi. Mama aliweka sufuria chini ili acheke vizuri.

"Mguu gani umekuleta nyumbani?" Babu aliuliza.

"Huu wa peku."

"Basi mwambie baba yako. Mimi sikusoma jiografia."

Baba alikwenda akainama kando ya tairi akaitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama anavyotazama daftari la mwanafunzi. Asubuhi iliyofuata tulikuwa mtaani Obunga, kwenye uwanja wa Fundi Juma wa magari, mtu mnene, mpole, aliyevaa kofia ya kufuma iliyokuwa nyeupe zamani.

Fundi alipanda juu ya bampa ya nyuma, akaruka. Landrova haikutikisika.

"Mwalimu, umeinua gari ama umeiweka juu ya meza?" aliuliza. "Springi ya lori inangoja mzigo ya lori. Wewe unabeba nani? Mzee na kuku. Sasa gurudumu ikifika kwa shimo haishuki. Inaning'inia tu, na ile ingine inazunguka bure."

"Kwa hivyo tuirudishe chini?" Baba aliuliza.

"Hapana. Kuinua uliwaza poa. Ni vile umeinua."

Nawaomba mnivumilie hapa, kwa sababu napenda watu waelewe jambo hili. Fundi aliziondoa springi za lori, akachukua zile za zamani za landrova yenyewe, akazipasha moto na kuzipinda upya mpaka zikarudia mkunjo zilizozaliwa nao, akaongeza chuma kimoja chembamba tu. Gari likainuka vidole vinne. Aliweka shokapu ndefu zaidi ili gurudumu liweze kushuka shimoni na kurudi, na paipu za breki ndefu, maana gurudumu likishuka na paipu ni fupi, paipu hukatika. Kisha akatoa kwenye gari bovu lililolala uani kwake tairi nne nyembamba, ndefu, zenye meno makubwa yaliyoachana. Alipozifunga aliniambia nipitishe mkono wangu kati ya tairi na madigadi. Ukapita wote hadi begani.

"Hapo ndipo tope itapita," alisema. "Usipoiachia nafasi, itakaa."

Tulipofika nyumbani, jirani mmoja alisema landrova ya Mwalimu imevaa viatu vya mtoto wa shule. Baba alicheka pamoja naye. Nilishangaa, kwa kuwa Baba hakuwa mtu wa kuchekwa.

Siku yenyewe ilifika baada ya mvua kunyesha hadi alfajiri. Babu alivaa koti lake la kanisani. Alikaa mbele, nami katikati nikiwa na kazi ya kuzuia goti lake lisigonge gia, na jogoo mapajani mwangu. Mama na Otieno walikaa nyuma na shoka na jiko la makaa. Tukaiacha lami. Landrova ilianza kuteleza, kisha ikatulia. Nilisikia tope likidondoka kwa vishindo nyuma yetu, kipande kwa kipande, na nikajua meno ya tairi yanajisafisha.

Mahali palepale pa mtaro, magurudumu yalianza kuzunguka bure. Mwendo ukafa. Nilihisi mguu wa Baba ukijiandaa kukanyaga mafuta.

"Taratibu," Babu alisema. "Acha ishuke."

Baba aliondoa mguu. Landrova ilizama polepole, ikazama tena, nami nikamkumbatia jogoo nikifikiri yamekwisha. Kisha tulihisi sote: chini kule, tairi zilikuwa zimegusa pagumu. Landrova ilijitikisa, ikasonga, ikapanda na kutoka. Mama alipiga vigelegele nyuma yetu mpaka tulipokaribia shamba, na huko nako wanawake wakavijibu. Tuliingia huku watu wakikimbia kandokando yetu katika tope, na wale vijana wa ng'ombe wakiwa mbele yao.

"Mwalimu," mmoja alisema kwa sauti, "leo ng'ombe wamekosa kazi."

Babu alishuka akishikwa na wanawe wawili. Alitembea hatua kumi na moja, nilizihesabu, akasimama, akachoma bakora yake ardhini. "Hapa," akasema. Kabla jua halijatua nyumba ilikuwa na paa, na tulilala ndani yake, udongo wa kuta ukiwa bado mbichi.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile iliokolewa na tairi nyembamba na springi za Fundi Juma. Nilikuwa mtu mzima tayari baba yangu mdogo aliponieleza kilichokuwa kimefichwa karibu na shamba siku ile. Vijana wanne walikuwa wamefunga kiti kwenye miti miwili mirefu, na godoro juu yake, ili wamfuate Babu barabarani wambebe. Wazo hilo lilikuwa limemfikia Babu siku nyingi kabla, kupitia mgeni aliyemtembelea mjini. Akatuma jibu kwa mgeni huyo huyo: kiti kifichwe, na mtu asithubutu kukitoa mpaka jua lifike utosini. Mwanawe ndiye atakayemleta.

Ndipo nilipoelewa kwa nini mzee yule, aliyekuwa na siku moja tu kama hiyo ya kumpa mwanawe, aliiweka mikononi mwa mtu aliyekuwa amenasa hatua mia mbili kutoka lami. Baba angekwama, kiti kingetoka; asipokwama, heshima yote ingekuwa yake. Baba hajui habari za kiti. Sasa ni mzee, na kila mgeni akija bomani humpeleka kwanza kuona landrova, akainama kando ya gurudumu, akaanza kueleza kuhusu udongo mweusi na gari lililoinuliwa vidole vinne. Huwa namletea kigoda akae, maana maelezo yake ni marefu, nami nakaa chini nayasikiliza mpaka mwisho.