Usukani Niliouzungusha Nusu

Harufu ya petroli kwenye baridi ya asubuhi inanitisha mpaka leo. Ikinifikia tu puani hapa Soweto, Mbeya, nikiwa nimesimama kusubiri bodaboda ya kunipeleka kazini, ghafla nimerudi kwenye uwanja wa nyumba yetu Mufindi, ndani kabisa, mwendo wa karibu saa nzima kwa pikipiki kutoka Nyololo. Nilikuwa na miaka tisa. Ulikuwa msimu wa ukungu, siku zile ambapo nguo hazikauki kambani, moshi wa jikoni haupandi juu, na mashamba ya chai unayasikia yakidondosha maji kabla hujayaona. Baba yangu alikuwa mwinjilisti, na usharika ulikuwa umempa pikipiki nyekundu ya kuzungukia mitaa yake ya kanisa vijijini. Aliipenda sana pikipiki ile, na nadhani aliipenda zaidi ilipoharibika, kwa sababu hapo alipata ruhusa ya kukunja mikono ya shati na kutandaza spana zake chini. Majirani nao walimletea baiskeli zao, pampu zao, hata cherehani. Mama alikuwa akimtania kwamba siku ya mwisho watamkataa mlangoni mbinguni kwa sababu ya grisi ya kwenye kucha.

Wiki hiyo waya wa resi ulikatika. Ni waya mwembamba tu, unatoka kwenye mshikio wa mkono wa kulia unaingia kwenye kabureta, lakini ndio unaoiambia injini ikimbie au itulie; bila huo, pikipiki ni mzigo wa kusukuma. Baba aliisukuma kutoka mtaa wa pili hadi nyumbani, akafika amelowa jasho kwenye baridi ile. Kesho yake alipata waya mpya Nyololo, ila haukuwa wa pikipiki ya aina yetu. Ulikuwa mfupi kidogo. Alisema utatosha, na mimi niliamini, kwa sababu sikuwahi kuona kitu ambacho baba alisema kitatosha kikakosa kutosha. Haraka ilikuwepo pia: mama alikuwa na mimba ya miezi saba, na asubuhi iliyofuata ilikuwa siku yake ya kliniki.

Tuliufunga asubuhi hiyohiyo, mimi na yeye. Nilimpitishia waya chini ya tangi kwa vidole vyangu vidogo, nikampa plaizi, nikashika nati mdomoni kama alivyofanya yeye. Ulipokaa, aliwasha injini, akachuchumaa upande wa pili na sikio lake karibu na kabureta, akaniambia nizungushe usukani hadi mwisho, kwanza kulia, halafu kushoto. Alinieleza vizuri kabisa. Waya ukikazwa mno, ukikata kona unajivuta wenyewe, injini inapiga resi bila wewe kuigusa. Nilizungusha kulia hadi mwisho, injini ikatulia. Kwenda kushoto, ilibidi niusukume ule mshikio mbali, nijiinamishe juu ya injini, na mguu wangu ulio wazi usogee kwenye eksozi. Mwezi mmoja kabla, eksozi hiyohiyo ilikuwa imeniunguza shavu la mguu, na kovu lilikuwa bado jekundu. Injini ilikuwa ikitetemeka mbele ya kifua changu. Niliogopa. Nilisukuma hadi nusu, nikaacha.

"Umefika mwisho, mama?" baba akauliza. Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Nimefika mwisho, baba."

Alizima, akafuta mikono, akaenda kubadili shati.

Mama alipanda nyuma akikaa upande, mtandio umefungwa kichwani, kadi ya kliniki kwenye mfuko wa plastiki kifuani. Ili kutoka uwanjani kwetu lazima ukate kona kushoto, kwenye mti wa mlonge wa jirani. Nilisimama mlangoni kuwapungia. Baba alikata kona, na injini ikanguruma ghafla, kwa nguvu, peke yake. Pikipiki iliruka kidogo mbele. Baba akashika klachi, akaitawala, mama akacheka kwa woga na kumpiga baba mgongoni. Najua baba alidhani mkono wake mwenyewe ndio uliovuta. Mimi nilijua si mkono wake. Walikuwa hatua ishirini tu kutoka kwangu. Nilifungua mdomo. Ningeita mara moja tu wangesimama. Lakini kuita kulimaanisha kusema kwamba nilidanganya, na nilimwogopa baba akiwa amekasirika kuliko nilivyoogopa kitu kingine chochote duniani, au ndivyo nilivyodhani kwa dakika ile. Wakaingia kwenye ukungu. Nilisikiliza sauti ya injini mpaka ikaisha.

Njia ya kwenda hospitali ya misheni ilikuwa na kona nyingi. Nilizijua zote, na siku hiyo nilizihesabu moja moja, za kushoto tu. Nilimsaidia bibi, aliyekuwa akiishi nasi, kumenya viazi nikamenya mpaka akaninyang'anya kisu, kwa sababu nilikuwa natupa viazi na kubakiza maganda. "Wewe mtoto, unaumwa?" akaniuliza. Nikasema siumwi. Nilikwenda chooni mara tano. Nilisali, lakini hata kwenye sala sikusema nilichofanya. Nilimwomba Mungu awalinde wazazi wangu safarini, kwa maneno ya kawaida ya kanisani, nikitumaini kwamba hataniuliza zaidi. Walipaswa kurudi saa saba. Saa nane alipita mwanamume mmoja na madumu ya maziwa kwenye baiskeli, akamsalimia bibi, "Kamwene," bibi akaitikia, na yeye, bila kushuka, akasema kule chini kwenye kona ya darajani ameona alama za tairi zimeacha barabara na kuingia kwenye chai. Watu hakuwaona. Bibi alisema labda ni hawa vijana wanaokimbiza pikipiki. Mimi nikakaa chini palepale kwenye matope. Nilishafahamu kwamba mama amekufa, na mtoto wa tumboni amekufa, na kwamba mimi ndiye niliyewaua kwa kuogopa kuungua mguu.

Walirudi saa kumi, kwa miguu, baba akiisukuma pikipiki, mama akitembea nyuma yake mkono kiunoni. Walikuwa wazima. Mama alikuwa na mikwaruzo shingoni na majani ya chai kwenye mtandio. Chai ndiyo iliyowapokea, ikawalaza polepole. Walimalizia njia kwa miguu hadi hospitali, manesi wakampima, mtoto alikuwa akicheza vizuri. Nilimkumbatia mama miguuni nikalia kwa sauti, na wote walidhani ni upendo. Ulikuwa upendo, lakini haukuwa peke yake.

Kisha baba alichuchumaa mbele yangu. Uso wake sikuwahi kuuona vile. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Mama," akasema, "ulizungusha mpaka mwisho?"

"Ndiyo, baba."

Alitikisa kichwa taratibu. "Basi ni mimi niliyekaza vibaya." Akainuka, akamwomba mama msamaha mbele yetu sote, mtu mzima.

Tangu siku ile hakumpakia mama tena. Yeye mwenyewe aliendelea kupanda kwenda mitaani, kwa sababu kazi ilimtaka, lakini mama alitembea. Alitembea kwenda kliniki na tumbo lake, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Alitembea na mdogo wangu mgongoni kumpeleka kuchomwa sindano. Alitembea kwenda kwaya, msibani, sokoni, miaka yote, na akiulizwa na majirani sababu, alisema mume wake haiamini mikono yake. Majirani nao taratibu waliacha kuleta baiskeli. Spana zilishika kutu chini ya kitanda.

Siku hizi mafundi wa hapa Soweto wanabadilisha waya wa resi kabla hujamaliza chapati yako. Nikikuta mmoja anafunga, nasimama na kumwambia azungushe usukani mpaka mwisho, pande zote. Wananicheka, wananiita dada fundi. Pasaka iliyopita nilikwenda nyumbani nikiwa nimeamua. Nilimkuta baba amekaa barazani peke yake, nikamwambia yote: eksozi, nusu ile, kona ya mlonge, mdomo niliofungua nikaufunga. Nina watoto wawili, nina kazi, na bado nilimwogopa kuliko siku ile.

"Kumbe mama yako alitembea bure," baba akasema.

Mama alikuwa anapanda kilima kutoka kanisani, akisimama kila baada ya hatua chache kupumzisha magoti. Baba alichukua fimbo yake, akashuka kwenda kumpokea mkoba. Niliwaona wamesimama pamoja njiani, baba akisema kitu, mama akiwa ameinua uso kumsikiliza, na sikuweza kusikia.