Mzunguko wa Ishirini

Katika mbio za mizunguko sijawahi kumwogopa aliye mbele yangu. Ninayemwogopa ni yule aliyeniacha mwanzoni kabisa, akazunguka mji, na sasa anakuja nyuma yangu ili anipite mara ya pili. Huyo akishanipita filimbi inalia, na mimi nashuka kwenye baiskeli. Hakuna rufaa. Unasimama pembeni na wachuuzi wenye vikapu vyao, na kwa desturi ya Masasi unakabidhiwa beseni la maji uwamwagie wenzako ambao bado wanaendelea.

Nimelishika beseni hilo mara mbili.

Nilirudi Masasi nikiwa na miaka arobaini na tatu, baada ya kuhangaika Tunduru, Songea, Kilwa, na tena Tunduru. Mahali popote nilipokaa nilikuwa nakumbuka nilikotoka, na nikirudi huko nilianza kukumbuka kule nilikoondoka. Duka nililianza nikaliacha. Nyumba niliijenga hadi kwenye linta, nikaiacha vilevile hadi majani yakaota ndani. Nilipoikuta baiskeli ya mtumba yenye gia, nyepesi kama kiti cha plastiki, nilijiambia kwamba nitashindana mara moja tu, na nitamaliza. Kushinda sikukufikiria. Nilitaka mizunguko yote ishirini, nishuke kwa hiari yangu.

Mbio za Masasi huzunguka soko na stendi, chini ya majabali makubwa yaliyouzunguka mji. Asubuhi ya Jumapili barabara hufungwa kwa kamba na kwa maneno makali ya vijana wa bodaboda, ambao siku hiyo hugeuka kuwa askari. Mara ya kwanza nilishushwa kwenye mzunguko wa saba. Kijana mmoja alinipokea kwa upole mkubwa.

"Shikamoo mjomba. Hiyo baiskeli umeileta kuitembeza?"

"Marahaba. Nipe beseni."

Mara ya pili nilifika wa kumi na nne. Kijana yuleyule alikuwa ameshalijaza beseni kabla sijafika.

Mbio za tatu zilikuwa Newala, mwezi wa sita, wakati uwanda wa juu una baridi na ukungu wa asubuhi unakaa barabarani kama umetumwa. Sisi wachache wa Masasi tulipanda na lori, baiskeli zimelazwa juu ya magodoro ya mtu aliyekuwa anahama. Huko juu nilimkuta mtu ambaye tangu siku ile nimemweka mahali pake peke yake kichwani mwangu.

Alikuwa anakaribia miaka sitini. Kazi yake ni kupeleka maji. Bomba likikauka, yeye huteremka bondeni kwenye chemchemi, hujaza madumu manne ya lita ishirini, huyafunga kwenye keria ya baiskeli ya chuma, kisha huupanda mlima akiisukuma. Juu akifika tambarare, hupanda na kuendesha hadi kwa mteja. Kwa ajili ya mbio alikuwa ameifungua ile keria ya chuma na kuiegemeza ukutani kwenye ghala la korosho. Hicho ndicho kitu pekee alichopunguza. Breki za fimbo zilibaki, kengele ilibaki, na miguuni alivaa viatu vya plastiki.

"Shikamoo mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, mdogo wangu. Umetoka Masasi na hicho kiwembe?" Aliinyanyua baiskeli yangu kwa vidole viwili, akairudisha chini taratibu. "Upepo wa huku utakurudisha nayo bila lori."

Njia ilianzia mbele ya ghala, ikapita sokoni, ikakunja msikitini, kisha ikaja kwenye kona moja ya mchanga mwekundu karibu na uwanja wa wazi, na kutoka hapo ikarudi ghalani. Meza ya waamuzi ilikuwa mbele ya ghala. Ukiwa mezani, ng'ambo ya ule uwanja uliiona kona ya mchanga waziwazi. Mezani walikaa watu wawili. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu, mshika filimbi. Mwingine alikuwa muuza korosho ambaye mji mzima unamwita Mama Pacha kwa sababu ya wanawe, na huyo ndiye mhesabuji.

Newala mizunguko huhesabiwa kwa korosho. Kila mara anayeongoza akipita mbele ya meza, Mama Pacha hutupa korosho moja kwenye sahani ya bati, nawe unaisikia inavyogonga. Zikifika ishirini, anayeongoza ameshinda, na walio nyuma humalizia mizunguko yao. Hutumia korosho ghafi, zenye maganda, na ni hesabu salama kuliko daftari, maana hakuna mwenye akili atakayetia ganda lile mdomoni likamuunguza midomo. Lakini mwezi wa sita korosho ghafi zilikuwa zimeshauzwa mnadani zamani, hata za kuokota hazikuwepo. Mama Pacha akaja na zile alizokuwa nazo, za biashara yake. Zilikuwa zimebanguliwa, zimekaangwa, zimetiwa chumvi.

Hakuna aliyeona tatizo, hata mimi sikuliona.

Tulianza watu kumi na wanne. Kufikia mzunguko wa tatu yule mzee wa maji alikuwa ametangulia, na nilipata bahati ya kumtazama kutoka nyuma kwa muda mfupi. Kwenye kona ya mchanga sisi wengine tulishika breki, magurudumu yakateleza, mmoja akaenda chini na vumbi lake. Yeye hakushika breki hata kidogo. Alipunguza mwendo mapema, kabla ya kona, akaingia nayo wima, amekaa kama anayebeba kitu kisichotakiwa kumwagika, akatoka upande wa pili akiwa tayari anakanyaga. Nilielewa kwamba miaka yote ile madumu yalikuwa yanamfundisha. Maji yakicheza kwenye dumu yanakuangusha, na yeye alikuwa ameshajifunza kutoyachezesha. Sijawahi kuona mtu akiendesha chuma kizito hivyo kwa upole namna ile.

Basi akaniacha, na mimi nikaanza kumwogopa.

Mzunguko wa kumi, bado nipo. Wa kumi na tano, bado nipo, watu watano wameshashushwa. Upepo ulikuwa unanipiga kifuani kutoka msikitini hadi kwenye kona, na mapaja yalikuwa yanawaka. Sokoni wanawake wauza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, walikuwa wameshanizoea.

"Huyo wa Masasi bado hajafa?"

"Yupo. Mwache apite, anahema kama pancha."

Nilipomaliza wa kumi na tisa, niligeuza shingo nikamwona. Alikuwa hatua kama hamsini nyuma yangu, anakuja mezani kumaliza wa ishirini. Nikafurahi. Akifika mezani mbio zake zimekwisha, atasimama, na mimi nitabaki na mzunguko wangu mmoja wa kumalizia kwa nafasi, wa mwisho kabisa lakini bila filimbi.

Nikasikia korosho inagonga sahani. Kisha nikasikia sauti ya mwalimu.

"Bado mmoja!"

"Nimemaliza ishirini, Mwalimu!" yule mzee alisema huku akipita.

"Sahani ina kumi na tisa! Endelea, mzee, endelea!"

Akaendelea. Nilikanyaga kwa nguvu zote nilizokuwa nimebakiza, na hazikuwa nyingi. Nilimsikia akikaribia, mnyororo wake haupigi kelele, kengele tu inatikisika kwenye mashimo. Alinifikia katikati ya kona ya mchanga, akapita kushoto kwangu, wima, taratibu. Filimbi ikalia kutoka ng'ambo ya uwanja.

Nikashuka. Niliiburuta baiskeli kukatiza uwanja nikielekea mezani, sioni mtu. Nilikuwa nawaza lori linaondoka saa ngapi.

Nilipofika, yeye alikuwa ameshamaliza, ameshinda, watu wanampiga mgongoni. Lakini hakuwa anacheka. Alikuwa ameinama juu ya meza.

"Nimezunguka ishirini na moja," alisema.

"Mzee, umeshinda," mwalimu alisema. "Unataka nini tena?"

"Mwalimu, mimi napeleka maji kwa watu wanaojenga. Nahesabu safari kichwani, na nikikosea ni miguu yangu inayorudi bondeni. Kwenye hesabu ya mizunguko sikosei. Ni ishirini na moja."

Mama Pacha aliivuta sahani akazihesabu upya, moja moja, kwa sauti. Ishirini. Akasema kwa mkono wake ametupa ishirini na moja, anaapa, maana pakiti aliyoifungua anaijua idadi yake. Akamtazama mwalimu. Sisi sote tukamtazama mwalimu. Kwenye sharubu zake palikuwa na punje ya chumvi na kipande cheupe kidogo.

"Mwalimu," Mama Pacha alisema, "fungua mdomo."

"Mama Pacha, heshima."

"Nakuheshimu. Fungua."

Mwalimu alijifuta sharubu polepole. "Ilikuwa moja," alisema. "Mkono ulikwenda wenyewe. Miaka yote tunahesabia za maganda, mkono haujazoea kukatazwa."

Kicheko kilichopigwa pale kilisikika hadi sokoni, na wanawake wa ming'oko wakaja mbio kuuliza nani kaanguka. Mimi peke yangu sikucheka. Kwangu ile korosho moja ilikuwa imekula mbio zangu zote tatu.

Washindi korosho hiyo haikuwagusa. Aliyekuwa wa kwanza alibaki wa kwanza, wa pili alibaki wa pili. Mwalimu alikuwa ameshaanza kuikunja kamba ya filimbi. Ndipo yule mzee akanyoosha mkono kunionyesha, na sikujua kama alikuwa ananikumbuka.

"Na huyu je?"

"Huyu umempita. Kashushwa."

"Nimempita kwenye mzunguko ambao haupo. Nilipomaliza ishirini yangu huyu alikuwa mbele yangu, mgongo wake niliuona. Hakuzidiwa mzunguko na mtu. Ana deni la kipande cha mzunguko, aachwe akimalize."

"Watu wameshaingia barabarani, mzee. Tuandike kwamba kamaliza, yatosha."

Wote wakanigeukia. Ningeweza kukubali. Jina langu lingeandikwa kwenye karatasi, na mimi ningepanda lori nikiwa mtu aliyemaliza mbio za Newala. Ndivyo nilivyoachia vitu vyangu vingi maishani, kwa mtu mwingine kusema yatosha.

"Nitamalizia," nilisema.

Mzee alikwenda nami hadi kwenye kona. Aliinama akatafuta alama za tairi langu jembamba kwenye mchanga, mahali zilipokoma na nyayo zangu kuanza. "Hapa ndipo," alisema. "Anzia hapa, usije ukalaumiwa."

Nilipanda. Kutoka kwenye kona hadi ghalani njia ilikuwa imeshajaa, wanafunzi, mbuzi wawili, mkokoteni wa magunia, bodaboda ya mtu anayejaribu kupita. Nyuma yangu nikasikia kengele yake. Hakuwa amepanda. Alikuwa amesimama palepale kwenye mchanga anaipiga tu, mfululizo, kama anayeomba njia kwa madumu manne ya maji. Watu wa Newala wanaijua kengele ile. Mkokoteni ukavutwa kando. Mbuzi wakafukuzwa. Mtu akamwambia wa bodaboda, "Zima, kuna mtu yuko mbioni."

Sikwenda kasi. Sikuwa na kasi yoyote mwilini. Niliendesha mita zile mia tatu hivi nikiwa najua kila moja, na hakuna aliyekuwa nyuma yangu. Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya meza, filimbi ameiweka mfukoni. Nilivuka mstari, nikaenda mbele kidogo zaidi, maana miguu ilikuwa haijaamini.

Yule mzee alikatiza uwanja akanifikia, akashika kiti cha baiskeli kwa mkono mmoja ili isiyumbe.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Haya, sasa shuka."

Nikashuka mwenyewe.